Herufi Kubwa za Goma

Kifupisho ni neno linaloundwa kwa herufi za mwanzo za maneno kadhaa, ili msemaji apunguziwe kazi. Mjini Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kaskazini, msemaji amepunguziwa kazi kwa miaka mingi, na msikilizaji ameongezewa kwa kiwango kilekile. Hiyo ndiyo kanuni ya msingi ya somo hili, na nyingine zote zinatokana nayo: kifupisho hakifupishi jambo, hulihamisha tu. Urefu uliotoka mdomoni mwa anayesema huenda kukaa kichwani mwa anayesikia.

Goma ni mahali pazuri pa kuchunguzia jambo hili. Kati ya Ziwa Kivu na volkano ya Nyiragongo, hatua chache kutoka mpaka wa Rwanda, zimekusanyika ofisi za serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa, mashirika ya misaada, vyuo, makanisa na, kwa vipindi, waasi. Kila mmoja wao amekuja na kibao chake. ULPGL ni chuo kikuu, UNIGOM ni chuo kikuu kingine. OVG huichungulia volkano. ICCN hutunza wanyama wa Virunga. SNEL inahusika na umeme na REGIDESO inahusika na maji. Kabla mji haujashikwa na waasi mwaka 2025, DGM iligonga muhuri mpakani, DGDA ilitoza ushuru hapohapo, na ANR iliuliza maswali. Mtoto anayejifunza kusoma kwa kutazama vibao vya barabara za mtaa wa Himbi angeweza kufika darasa la tatu akiamini kwamba irabu ni anasa.

Aina za vifupisho

Vifupisho vya Goma hugawanyika katika makundi manne.

Kundi la kwanza husomwa herufi moja moja, kwa alfabeti ya Kifaransa. Mfano wake bora ni ULPGL, Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu, kilichoanzishwa mwaka 1985. Mgeni hukwama kwenye herufi ya tatu. Motari wa Goma, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, huzitamka zote tano kwa pumzi moja huku akikata kona, na bado anabakiwa na pumzi ya kupatana bei.

Kundi la pili husomwa kama neno. Humo mna MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, na LUCHA, harakati ya vijana iliyozaliwa Goma mwaka 2012. Mna pia hospitali ya HEAL Africa, ambayo herufi zake zilipangwa kwa makusudi zitoe neno la Kiingereza la kuponya. Kabla ya hapo iliitwa DOCS, na herufi hizo nazo zilipangwa ziwakumbushe watu madaktari. Vifupisho vya kundi hili ndivyo vyenye adabu kuliko vingine, kwa sababu aliyevitunga alimfikiria kidogo mtu atakayevitamka.

Kundi la tatu huundwa kwa vipande vya maneno badala ya herufi. Instigo, jina la mzunguko wa barabara ambao kila motari anaujua, ni shule iitwayo Institut de Goma, yaani Taasisi ya Goma, iliyokatwa mikia miwili. Watu hupanda na kushuka Instigo kila siku, na wengi wao hawana habari kwamba hicho ni kifupisho. Kifupisho kisichojulikana kuwa ni kifupisho kimefaulu kabisa.

Kundi la nne huchanganya herufi na namba. M23 ni tarehe: 23 Machi 2009, siku serikali ilipotia saini makubaliano na kundi lililoitwa CNDP. 3W ni jedwali la mashirika la kuonyesha nani anafanya nini na wapi, maswali matatu ambayo kwa Kiingereza huanza na W. Baadaye liliongezwa swali la lini, jedwali likawa 4W, na wengine wamekwisha fika 5W. Mfano wa juu kabisa ni I4S. Mkakati wa kimataifa wa kusaidia usalama na utulivu mashariki mwa Kongo uliitwa ISSSS. Waliopaswa kulitaja jina hilo mikutanoni walisikika kama chungu kinachochemka, kwa hiyo wakahesabu S zote na kuandika I4S. Hapo mji ulipata kifupisho cha kifupisho.

Jinsi vilivyolimbikizana

Vifupisho havikuja Goma siku moja. Vilikuja kwa matabaka, na kila tabaka jipya liliangukia juu ya lililotangulia bila kulifuta.

Tabaka la chini ni la serikali. Rais Mobutu alianzisha chama cha MPR mwaka 1967, na kwa sheria za wakati Kongo ilipoitwa Zaire kila Mzaire alikuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Maana yake, mtoto wa Goma alikuwa na herufi tatu kabla hajapewa jina. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya ya uchumi iitwayo CEPGL, makao yake yakiwa Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka, na benki yake ya maendeleo, BDEGL, ikawekwa Goma.

Tabaka la pili ni la misaada. Mnamo Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikawafuata. Nyuma yao yalikuja mashirika kutoka pande zote za dunia. Turubai zao zilikuwa na herufi, magari yao yalikuwa na herufi, na fulana za wafanyakazi zilikuwa na herufi mbele na nyuma. Wakimbizi wengi walirudi kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Herufi zilibaki.

Tabaka la tatu ni la bunduki. Waasi wa AFDL walipita mwaka 1996 wakielekea Kinshasa, wa RCD wakaanza mwaka 1998 na kuifanya Goma makao yao. Mwezi Novemba 1999 Baraza la Usalama liliunda MONUC. Tarehe 1 Julai 2010 MONUC ikawa MONUSCO. Herufi S iliyoongezwa ni ya utulivu. Ilionekana wazi kwamba kuuingiza utulivu ndani ya jina ni kazi nyepesi kuliko kuuingiza katika eneo jirani la Masisi.

Juu ya matabaka hayo kuna mengine membamba, yanayokuja na kila balaa. Volkano ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. Ebola ilitangazwa jimboni Agosti 2018, ikabisha Goma Julai 2019, ikatangazwa kwisha Juni 2020. Kila mara, pamoja na magari, yaliletwa majina mapya ya kamati. Balaa likiisha, kamati huvunjwa, lakini kibao kilichopakwa rangi nzuri hakitupwi. Hugeuzwa mlango wa banda la kuku, na kuku wa Goma hulala chini ya ulinzi wa miradi iliyofungwa zamani.

Mkasa wa herufi tatu

Hakuna mahali ambapo kanuni za somo hili huonekana vizuri kama katika herufi R, D na C.

RDC ni nchi yenyewe, kwa Kifaransa. DRC ni nchi hiyohiyo, kwa Kiingereza. DRC ni pia Baraza la Wakimbizi la Denmark, shirika linalofanya kazi ndani ya DRC. RCD ni lile kundi lililoutawala mji wa Goma hadi ilipoundwa serikali ya mpito mwaka 2003. Kwa hiyo mtu anayeandika historia fupi ya mji anaweza kujikuta akieleza, bila kosa lolote la uchapaji, kwamba DRC iko DRC, ambayo ni RDC, sehemu iliyowahi kushikwa na RCD.

Hisabati inasema herufi tatu hupangika kwa njia sita. Njia ya nne, CDR, ilikuwa jina la chama cha siasa kali nchini Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hiyo hakuna anayeitania. Zinabaki CRD na DCR. Anayetarajia kufungua shirika jipya afanye haraka.

Madhara ya kila siku huanzia barabarani. Mgeni aliyeshuka na begi lake akimwambia motari, "Nipeleke DRC," motari ana haki kamili ya kumjibu, "Papa, DRC njo hii tuko ndani, tulisha fika," na kudai nauli. Mgeni mzoefu hataji herufi. Hutaja mzunguko wa barabara, rangi ya lango na duka la jirani, na kwa njia hiyo hufika. Ndiyo kusema anwani ndefu humfikisha mtu mapema kuliko jina fupi.

Lugha mbili, kitu kimoja

Tatizo la pili ni kwamba kila herufi ina pacha wake. Goma huandika kwa Kifaransa, huripoti kwa wafadhili kwa Kiingereza, na huzungumza Kiswahili wakati wote wa kazi hizo mbili. Mpango wa Chakula Duniani ni PAM asubuhi na WFP mchana. Shirika la wakimbizi ni HCR, au UNHCR. Shirika la afya ni OMS, au WHO. Msalaba Mwekundu wa kimataifa ni CICR, au ICRC. Maji na usafi ni EHA, ambayo husikika kama mshangao, na kwa Kiingereza ni WASH. Mtu aliyekimbia kijiji chake bila kuvuka mpaka ni PDI, na kwa lugha nyingine ni IDP, ingawa yeye mwenyewe hujiita muhami tu.

Dunia imewahi kuliona tatizo hili na kulipatia suluhu ya kibabe. Ilipotafutwa alama ya saa sanifu za ulimwengu, Kiingereza kingetoa CUT na Kifaransa kingetoa TUC. Ikachukuliwa UTC, ambayo hailingani na lugha yoyote kati ya hizo, ili wote wakose kwa usawa. Goma haikupata bahati hiyo. Hapa alama zote mbili zimeachwa zitembee, na mwandishi wa ripoti asiye mwangalifu anaweza kuandika kwamba kambi imepokea PDI 300 na IDP 300, akawapikia watu 300 uji wa watu 600. Au kinyume chake, ambacho ndicho kibaya zaidi.

Vitu navyo hupata shida. Ndoo, sufuria, mablanketi na mikeka anayopewa muhami huitwa AME, yaani vifaa muhimu vya nyumbani. Kwa sikio la Mfaransa hilo ni neno la roho, na tangazo kwamba AME zitagawiwa Jumanne linaweza kumshtua mchungaji. Kwa sikio la Mswahili ni nusu ya kitenzi. Mzee aliyeambiwa "AME" hunyamaza kwa heshima, akingoja aambiwe amefanya nini, na ni nani.

Afya, au safari ya mama mjamzito

Idara iliyotajirika kwa herufi kuliko zote ni ya afya. Jimbo lina DPS, chini yake ziko ZS, kila ZS ina BCZ inayoongozwa na MCZ, chini yake kuna AS, kila AS ina kituo kinachoongozwa na IT, akisaidiwa na RECO, ambaye ni jirani tu anayezunguka nyumba hadi nyumba. Kila ngazi ina herufi zake, hadi kufikia mgonjwa, ambaye ndiye pekee anayeitwa kwa jina lake, tena kwa sauti kubwa, mbele ya foleni.

Mama mjamzito wa Goma huenda CPN, kliniki ya wajawazito. Neno hilo limeingia kabisa mitaani. "Minatoka ku CPN," husema mama sokoni Birere, na hakuna anayeuliza. Mkanganyiko huanza ripoti inapotafsiriwa. Kwa Kiingereza huduma hiyo ni ANC, na ANC ilikuwa jina la jeshi la Kongo katika miaka ya kwanza baada ya uhuru wa 1960. Huduma ya baada ya kujifungua kwa Kiingereza ni PNC, na kila mkazi wa Goma anajua PNC ni polisi. Kwa hesabu ya herufi, basi, mama huyo huingia jeshini akiwa na mimba, na akishajifungua hukabidhiwa polisi.

Mfano mwingine ni PCA. Hospitali kuu ya rufaa hutakiwa kutoa PCA, yaani jumla ya huduma za nyongeza zisizopatikana katika kituo cha kawaida. Shirika nalo huwa na PCA, ambaye ni mwenyekiti wa baraza la utawala. Kiswahili chenye ngeli kamili humwokoa msikilizaji: PCA imekamilika ni huduma, PCA amekamilika ni mwenyekiti, pengine baada ya kula. Lakini Kiswahili cha Goma hulegeza ngeli kwa ukarimu, na kinga hiyo huondoka. Ndipo mtu anaposikia kwamba PCA iko na upungufu wa dawa, akaenda kumpa pole.

Si kila mkasa wa idara hii huchekesha. Wakati wa Ebola, vikosi vya kuzika waliofariki vilipewa herufi EDS, kwa maneno kamili mazishi yenye heshima na salama. Jina refu lilikuwa na maneno mawili ambayo familia yenye msiba ilihitaji kuyasikia, na kifupisho kiliyaondoa yote mawili. Aliyeambiwa kwamba EDS wako njiani hakusikia heshima wala usalama, alisikia gari. Huu ni mfano wazi wa gharama inayohamishwa: ofisi iliokoa sekunde mbili, na mlango wa mfiwa ukabeba kilichobaki.

Mtu mmoja, herufi nyingi

Vifupisho vya misaada havitaji mashirika tu. Hutaja watu pia, na mtu huweza kubadilishwa herufi bila yeye kujisikia tofauti. Mama wa Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, akipokea jamaa waliokimbia vita huwa FAMAC, familia mwenyeji. Vita vikimfikia na yeye akakimbilia Goma, huwa PDI. Vikitulia akarudi, huwa mrejeaji, na jamaa walewale wakija tena huwa FAMAC kwa mara ya pili. Katika muda huo wote sufuria yake ni ileile na watoto wake ni walewale. Shida hutokea siku ya kugawa chakula, anapoambiwa kwamba orodha ya leo si ya herufi zake. Mama anayeijua Goma hujifunza upesi, na akiulizwa yeye ni nani, huuliza kwanza leo wanagawiwa akina nani.

Kistari na mkwaju

Vifupisho vya kijeshi na vya kisiasa vina sarufi yake, na alama muhimu ndani yake ni mbili. Kistari ni alama ya talaka. RCD ilipogawanyika mwaka 1999 ikawa RCD-Goma na RCD-Kisangani, na baadaye ikaonekana RCD-N. NDC ya Walikale nayo ilizaa NDC-R, herufi ya mwisho ikimaanisha iliyofanywa upya. Mkwaju ni alama ya ndoa: AFC/M23, ambayo imeushika mji wa Goma tangu mwisho wa Januari 2025, ni muungano wa AFC iliyotangazwa Nairobi Desemba 2023 na M23 ya zamani. RCD-K/ML ilibeba kistari na mkwaju kwa pamoja, na wanandoa wa aina hiyo wanajulikana katika kila mtaa.

Programu za kuwarudisha wapiganaji uraiani hurefuka badala ya kugawanyika. Duniani kote kazi hiyo huitwa DDR. Kwa wapiganaji wa kigeni walioko Kongo ikawa DDRRR, kwa kuwa baada ya kunyang'anywa silaha na kuvunjiwa kikosi walipaswa pia kurudishwa kwao, kuunganishwa na jamii na kupatiwa makazi. Mwaka 2021 serikali iliunda P-DDRCS, iliyoongeza ndani yake ufufuaji wa jamii na utulivu. Mpiganaji aliyeko msituni akisikia jina hilo kwenye redio ya mkononi huhitaji muda wa kutafakari, na pengine betri mpya.

Ubatizo wa mitaani

Watu wakichoka kubebeshwa herufi, huzibatiza upya. Desturi hii ni ya zamani katika Kongo. Enzi za Mobutu, MPR ilisomwa kwa sauti ya chini kuwa Mourir Pour Rien, kufa bure. Ndege za Air Zaïre, kwa jinsi ratiba yake ilivyokuwa, ziliitwa Air Peut-être, Shirika la Huenda. Ugonjwa wa SIDA ulipotangazwa, vijana wa nchi nyingi zinazosema Kifaransa waliufasiri kuwa ugonjwa wa kubuni wa kuwavunja moyo wapendanao, na kwa Kifaransa herufi zote nne zilikaa mahali pake. Mzaha huo uligharimu maisha, na unaonyesha hatari ya kuwaachia watu herufi tupu: asiyepewa maana atatengeneza yake.

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Ugonjwa huohuo ulipewa jina la Kiswahili, Upungufu wa Kinga Mwilini, likafupishwa kuwa UKIMWI, neno lenye irabu zake, linalotamkika na mtu yeyote. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa 1967, ni BAKITA. Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ni TAKUKURU, ambayo ina mdundo wa ngoma. Hata mkakati wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini ulipewa jina la MKUKUTA, lenye kurukaruka vizuri mdomoni, ijapokuwa umaskini umejificha ndani yake pasipo kuonekana. Njia hii ina mipaka. Michezo ya shule za msingi huitwa UMITASHUMTA, na kuitamka tu ni mchezo tosha.

Kwa nini havipungui

Mtu angedhani vifupisho vingi hufa kwa kukosa kazi. Vinakufa kweli, lakini baada ya kuzaliwa. Watafiti wawili wa Australia, Adrian Barnett na Zoe Doubleday, walichunguza vichwa vya makala za kisayansi milioni 24 na mihtasari milioni 18 ya kati ya miaka 1950 na 2019, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Walikuta vifupisho tofauti zaidi ya milioni 1.1. Vilivyotumika mara kwa mara vilikuwa elfu mbili na ushei tu, na asilimia 79 vilionekana chini ya mara kumi. Wataalamu walijenga majina zaidi ya milioni moja wasiyoyahitaji, na hao ni watu wanaolipwa kufikiri.

Sababu za Goma ni tatu. Ya kwanza ni haki kabisa: hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuratibu Misaada ya Kibinadamu mara ishirini katika mkutano mmoja, wakati anaweza kusema OCHA. Ya pili ni ukoo. Anayesema TDR, PTBA na AMI bila kupepesa anatangaza kwamba amewahi kuajiriwa, na kijana anayetafuta kazi hujifunza herufi hizo kabla ya kujifunza kazi yenyewe. Ya tatu ni hofu. Katika semina yenye watu thelathini, kila mmoja huandika pembeni mwa daftari herufi asizozijua, ili aulize baadaye, na baadaye haifiki, kwa kuwa anaamini wengine ishirini na tisa wanajua. Hutokea shefu wa mtaa, muzee asiyeogopa mtu, akanyoosha mkono na kuuliza. Mtoa mada hutaja herufi ya kwanza, ya pili, anatua kwenye ya tatu na kutazama dari.

Ripoti huahidi dawa katika ukurasa wa mwanzo, wenye orodha ya vifupisho. Orodha hiyo mara nyingi imenakiliwa kutoka ripoti ya mwaka uliopita, kwa hiyo hueleza vifupisho ambavyo havimo, na vilivyomo haivielezi. Redio ina nidhamu kubwa kuliko hiyo. Mtangazaji wa Kiswahili wa Radio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2002, anazungumza na mtu aliyeko shambani ambaye hana ukurasa wa kufungua, na hewani hakuna herufi kubwa wala ndogo. Humbidi aseme jambo lenyewe kwanza: wanaogawa chakula, wanaozika, wanaolinda mpaka. Herufi zikifuata baada ya hapo, hazimdhuru mtu.

Kuna neno moja ambalo halijawahi kufupishwa katika semina yoyote ya Goma, nalo ni perdiemu. Likitamkwa, hakuna anayeomba ufafanuzi, na aliyesinzia huamka. Jambo hilo linaelekeza kwenye kanuni ya mwisho.

Miongoni mwa herufi zote za mji, zinazoeleweka kuliko nyingine ni AVEC, kikundi cha kijiji cha kuweka akiba na kukopeshana. Mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, kisha ukaenea barani. Herufi zake ni za Kifaransa, na wanachama wengi hawawezi kuzifumbua moja moja. Hawapungukiwi na chochote. Wanajua sanduku liko wapi, linafungwa kwa kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Wanajua nani amekopa, nani amechelewa na siku ya kugawana ni lini. Kifupisho hicho hakihitaji orodha ya ukurasa wa mwanzo, kwa kuwa fedha iliyomo ni ya wanaokitamka. Kingine chochote ambacho msikilizaji hana sehemu yake ndani, kitamkwe kwa urefu wake wote.